Printa ya mtandao kwenye Linux: njia nne za kuiunganisha, na ipi inakufaa

Ukifungua dirisha la kuongeza printa kwenye Ubuntu au Linux Mint, mara nyingi utaikuta printa moja imejitokeza mara tatu au nne. Hapa imeandikwa IPP, pale AppSocket/HP JetDirect, chini yake LPD, na kama kuna kompyuta ya Windows inayoigawa kwa wengine, huenda ikatokea tena upande wa SMB. Ni mashine ileile iliyo pale mezani. Ukurasa wa majaribio unaweza kutoka kwa njia yoyote kati ya hizo, ndiyo maana wengi hubonyeza ya kwanza wanayoiona na kuendelea na kazi. Tofauti hujitokeza baadaye: siku umeme unapokatika na ruta kugawa anwani upya, siku unapotaka kuchapa pande mbili, siku mfumo unapopandishwa toleo na draiva ya kiwanda (programu inayoigeuzia printa ukurasa kwa lugha yake) ikagoma.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Anza na IPP (Internet Printing Protocol, utaratibu wa kuchapa kupitia mtandao) bila draiva, kwa anwani ya IP isiyobadilika. Njia nyingine ichukue ukiwa na sababu unayoweza kuitaja kwa jina. Sababu hizo zipo, na sehemu kubwa ya maelezo haya ni juu yake.

## Njia ni kitu kimoja, lugha ni kingine

Uchapaji kwenye Linux unasimamiwa na CUPS, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1999, ikanunuliwa na Apple mwaka 2007, na ambayo leo inaendelezwa na mradi wa OpenPrinting. Kwa kila printa, CUPS inahitaji kujua mambo mawili. La kwanza ni njia: data ipitie poti (mlango wa mtandao) gani, kwa utaratibu gani. La pili ni lugha: ukurasa ugeuzwe uwe PDF, PostScript, PCL, picha ya nukta za PWG Raster au URF, au lugha ya siri ya kiwanda kilichoitengeneza printa.

Ukivichanganya viwili hivi utahangaika siku nzima. Kazi isipofika kabisa kwenye printa, kosa liko kwenye njia. Printa ikiwasha taa, ikavuta karatasi, kisha ikatoa takataka, njia ni nzima na lugha ndiyo mbovu. Karatasi inayoanza na `%!PS-Adobe-3.0` na kufuatiwa na kurasa za maandishi yasiyoeleweka inakuambia wazi kwamba umetuma PostScript kwa printa isiyoijua. Hapo usikimbilie kuandika amri. Chomoa trei ya karatasi kwanza, kwa sababu printa ina kumbukumbu yake na itaendelea kutema hata foleni ya kompyuta ikifutwa. Kisha `cancel -a Ofisi` (Ofisi ni jina la foleni, yaani printa kama CUPS inavyoijua), zima printa, subiri kidogo, washa.

| Njia | Anwani ndani ya CUPS | Poti | Draiva | Hali ya wino na karatasi |
|---|---|---|---|---|
| IPP bila draiva | `ipp://192.168.1.50/ipp/print` | 631 | haihitajiki | inaonekana moja kwa moja |
| Draiva ya kiwanda | hutegemea kiwanda, mfano `hp:/net/...` | hutofautiana | lazima | inaonekana, mara nyingi kwa programu ya kiwanda |
| Soketi | `socket://192.168.1.50:9100` | 9100 | lazima | kiasi, kupitia SNMP |
| LPD | `lpd://192.168.1.50/foleni` | 515 | lazima | kidogo sana |
| Kupitia Windows | `smb://192.168.1.20/Printa` | 445 | lazima | karibu hakuna |

Mstari wa draiva ya kiwanda una kasoro kwenye jedwali kama hili, maana draiva ni lugha zaidi kuliko njia. Unaweza kuwa na draiva ya kiwanda inayosafiri kwa IPP au kwa soketi. Tumeuweka humo kwa sababu ndivyo mtumiaji anavyokutana nao: anapakua kifurushi, kinamchagulia kila kitu. Ukiuondoa, njia zenyewe zinabaki nne.

## Kabla ya kulinganisha chochote: anwani

Printa nyingi zinazosemwa "zimekataa Linux" zimehama anwani tu. Ruta iliipa printa 192.168.1.50 leo, kesho baada ya umeme kurudi ikaipa 192.168.1.53, na foleni ya CUPS inaendelea kugonga mlango wa zamani. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), na uifungie printa anwani moja kwa kutumia namba yake ya MAC. Namba hiyo utaipata kwenye ukurasa wa taarifa za mtandao, unaochapwa kutoka kwenye menyu ya printa yenyewe au kwa kushikilia kitufe chake cha Wi-Fi, kutegemea modeli.

Angalia pia kwamba kompyuta na printa ziko mtandao mmoja kweli. Printa nyingi za bei nafuu zinashika masafa ya 2.4 GHz peke yake. Hilo si tatizo kama ruta inaunganisha 2.4 na 5 GHz kuwa mtandao mmoja, lakini ni tatizo kubwa ukiwa kwenye Wi-Fi ya wageni au kwenye ruta iliyowashiwa kutenganisha vifaa. Intaneti itafanya kazi vizuri kabisa, na printa haitaonekana kamwe.

Kisha uulize ni milango ipi iko wazi:

`nc -zv 192.168.1.50 631`
`nc -zv 192.168.1.50 9100`
`nc -zv 192.168.1.50 515`

Amri hii inagonga tu bila kutuma kitu, kwa hiyo printa haitachapa. Tahadhari na zana nyingine za kuchunguza poti: lolote linalotumwa kwenye 9100 printa huliona ni kazi ya kuchapa, na nmap yenyewe huziruka poti 9100 hadi 9107 inapotambua huduma, kwa sababu hiyohiyo.

## IPP bila draiva

Wazo lake ni kwamba printa inajieleza yenyewe. CUPS inaiuliza: unajua lugha zipi, una trei ngapi, unachapa pande mbili, rangi unayo, karatasi za ukubwa gani? Printa inajibu, na foleni inajengwa kutokana na majibu hayo. AirPrint ya Apple ilileta wazo hili sokoni mwaka 2010, IPP Everywhere ikaliweka wazi kwa kila mtu mwaka 2013, na CUPS ikalipokea katika toleo 2.2 la mwaka 2016. Kwa hiyo kipimo cha haraka dukani ni nembo ya AirPrint kwenye boksi. Maneno "inafanya kazi na Linux" hutayaona mara nyingi, lakini printa yenye AirPrint karibu kila mara itachapa kutoka Linux bila kupakua chochote.

Kutafuta printa zilizo mtandaoni kwenye Debian na Ubuntu:

`sudo apt install cups cups-ipp-utils avahi-daemon libnss-mdns`
`ippfind`

Jibu litakuwa anwani kamili kama `ipp://HP1A2B3C.local:631/ipp/print`. Sehemu ya mwisho ni muhimu, maana si printa zote zinatumia `/ipp/print`. Nyingine za zamani hutumia `/ipp/printer` au `/ipp` tu. Kama `ippfind` haileti kitu wakati poti 631 iko wazi, tatizo ni matangazo ya mDNS (ambayo printa hujitambulisha nayo mtandaoni) kwenye poti 5353 ya UDP: faiawali (firewall) ya kompyuta imeyazuia, au ruta haiyapitishi. Kwenye Fedora, `sudo firewall-cmd --permanent --add-service=mdns` ikifuatiwa na `sudo firewall-cmd --reload` huyafungulia.

Foleni ya kudumu unaijenga hivi:

`sudo lpadmin -p Ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere`

Kuna mitego miwili katika mstari huu. `-E` lazima ikae baada ya `-p`. Ikitangulia, maana yake inabadilika na kuwa ombi la kusimba mawasiliano, na foleni yako inabaki imefungwa. Mtego wa pili: printa lazima iwe imewashwa wakati wa kuandika amri, kwa kuwa CUPS inaiuliza papo hapo. Ikiwa imezimwa, foleni haijengwi.

Ukitaka kujua kabla kama printa inafaa kwa njia hii, iulize mwenyewe:

`ipptool -tv ipp://192.168.1.50/ipp/print get-printer-attributes.test | grep document-format-supported`

Ukiona `image/pwg-raster`, `image/urf` au `application/pdf` katika jibu, endelea. Ukiona `application/octet-stream` na aina za kiwanda tu, basi IPP ipo kama njia lakini lugha ya pamoja haipo, na utahitaji draiva.

Kwa nini tunaiweka mbele? Kwanza, haifi kwa kupandishwa toleo. Hakuna faili ya kiwanda iliyofungwa kwa toleo fulani la Ubuntu. Pili, inafanya kazi kwenye kichakata chochote; Raspberry Pi inachapa sawasawa na kompyuta ya Intel. Tatu, mawasiliano ni ya pande mbili: karatasi zikiisha au zikikwama, foleni inasema hivyo badala ya kukaa kimya. Na nne, ndiko CUPS inakoelekea. Ukiongeza foleni yenye draiva ya mtindo wa zamani, `lpadmin` inakuonya kwamba draiva za aina hiyo zitaacha kufanya kazi katika toleo lijalo.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Unapata yale tu ambayo printa imeyatangaza. Viwango vya ubora huwa vitatu: hafifu, kawaida, bora. Namba ya siri ya kutoa kazi kwenye mashine, msimbo wa idara, kubana kwa pini na kukunja vijitabu mara nyingi havionekani. Uzito wa data pia huongezeka printa isipopokea PDF. Ukurasa wa A4 kwa nukta 600 kwa inchi una takriban nukta milioni 35. Kwa rangi ni kama megabaiti 104 kabla ya kubanwa. Barua ya maandishi hubanwa ikawa ndogo mno kwa sababu sehemu kubwa ni nyeupe, lakini picha iliyojaa ukurasa haibaniki vizuri, na kwenye Wi-Fi dhaifu printa itavuta karatasi, itasimama, itaendelea, itasimama tena.

Jambo moja la kusafisha: foleni za muda. CUPS ya sasa inaweza kuonyesha printa bila wewe kuiongeza, na `cups-browsed`, programu inayotafuta printa mtandaoni, nayo huongeza zake, ndipo unapoona majina mawili ya printa moja. `lpstat -e` inaonyesha zote, `lpstat -v` inaonyesha foleni na anwani zake. Ukishajenga foleni ya kudumu kwa mkono, `cups-browsed` mara nyingi haina kazi tena: `sudo systemctl disable --now cups-browsed`. Kuna sababu ya usalama pia. Septemba 2024 ulitangazwa udhaifu uliopewa namba CVE-2024-47176: programu hiyo ilikuwa ikisikiliza poti 631 ya UDP na kumwamini yeyote aliyeipigia.

## Draiva ya kiwanda

Hapa chapa ya printa ndiyo inayoamua, na tofauti kati ya kiwanda na kiwanda ni kubwa.

HP ndiyo iliyo nyepesi zaidi. HPLIP, kifurushi cha draiva za HP, iko ndani ya hazina za karibu kila Linux, na kwa printa ya mtandao unaandika `hp-setup -i 192.168.1.50`. Modeli mpya kuliko HPLIP yako haitaonekana kwenye orodha. Tiba ni HPLIP mpya, au kuiacha na kurudi bila draiva. Baadhi ya modeli, mfano LaserJet P1102w, zinahitaji kiongezi cha siri kinachopakuliwa kwa `hp-plugin`, na toleo la kiongezi lazima lilingane kabisa na toleo la HPLIP. Ndiyo sababu printa iliyokuwa ikichapa jana inakataa leo baada ya kusasisha mfumo. Endesha `hp-plugin -i` tena, mara nyingi inatosha.

Brother huleta tatizo linalowachanganya hata mafundi. Draiva nyingi za kiwanda ni programu za biti 32. Kwenye mfumo wa biti 64 usio na maktaba za biti 32, foleni inasema "Filter failed", na ukifungua `/var/log/cups/error_log` unaambiwa faili haipo, ilhali ukiitafuta unaiona pale pale. Kinachokosekana ni kipakizi cha programu za biti 32, siyo faili yenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install libc6:i386 libstdc++6:i386`

Kwenye Raspberry Pi hilo halisaidii kitu, kwa kuwa draiva zimeandikwa kwa vichakata vya Intel. Kwa printa za leza za rangi moja jaribu `printer-driver-brlaser`, draiva huria isiyo na masharti hayo. Hata kwenye Intel tungeianza hiyo.

Printa za wino za Epson zinahudumiwa na `printer-driver-escpr` iliyo ndani ya hazina, na hapa draiva ina faida inayoonekana kwa macho: aina za karatasi za picha na viwango vya ubora ni vingi kuliko vile vya IPP. Anayechapa picha za pasipoti au kadi za harusi ataiona tofauti. Mashine kubwa za Canon imageRUNNER hutumia draiva ya UFR II, na Kyocera nyingi za ofisini zinaelewa PostScript, kwa hiyo faili ya PPD ya kiwanda (inayoorodhesha vipengele vya printa) inatosha, nayo ndiyo inayoleta msimbo wa idara na trei za ziada. Ofisi inayohesabu nakala kwa kila idara haina njia ya mkato hapa: bila kipengele hicho mashine inaitupa kazi kimya kimya, na kwenye kompyuta foleni inaonyesha kwamba imekamilika.

## Soketi ya 9100

Ni bomba tupu. Unachotuma ndicho kinachofika, bila mazungumzo. Ni ya kasi, ni rahisi, na karibu kila printa ya ofisi inaikubali, hata zile za zamani zilizotangulia AirPrint kwa miaka mingi. Hapo ndipo thamani yake ilipo: LaserJet kongwe yenye kadi ya mtandao inachapa bila kinyongo kwa mstari huu:

`sudo lpadmin -p Ghala -E -v socket://192.168.1.60:9100 -m drv:///sample.drv/generpcl.ppd`

Hiyo ni draiva ya jumla ya PCL. Kama printa inajua PostScript, weka `drv:///sample.drv/generic.ppd`. Printa za bei nafuu zisizo na PCL wala PostScript hazitanufaika na yoyote kati ya hizo. Zinategemea kompyuta iwafanyie kila kitu kwa lugha ya kiwanda.

Kasoro za soketi zinatokana na ule utupu wake. Haina nywila wala usimbaji. Yeyote aliye kwenye mtandao wako anaweza kuchapa. Kazi ikipotea katikati, CUPS hubaki kukisia kwa kuuliza kupitia SNMP, utaratibu wa kuulizia hali ya kifaa mtandaoni, na swali hilo likizuiwa hutajua kama karatasi ziliisha. Printa nyingi pia hupokea muunganisho mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo kompyuta tano zikichapa pamoja, nne zinasubiri na kujaribu tena.

Mahali ambapo 9100 haina mpinzani ni printa za risiti, za milimita 58 au 80. Hizo zinaelewa amri za ESC/POS, na programu ya mauzo huzitumia moja kwa moja. Ukilazimisha kupitisha risiti kwenye draiva ya A4 utapata karatasi tupu ndefu.

LPD tuipite haraka. Utaratibu wake uliandikwa kwenye RFC 1179 mwaka 1990, na unahitaji jina la foleni lililo ndani ya printa. Kwa Brother, kwa mfano, `BINARY_P1`. Jina likikosewa, kazi inapotea. Itumie pale tu 631 na 9100 zimefungwa na 515 iko wazi.

## Kupitia kompyuta ya Windows

Njia hii huchaguliwa kwa mazoea: printa iko kwa karani kwa kebo ya USB, Windows inaigawa, basi Linux nayo iungane hapo. Inawezekana, lakini kuna mambo matatu yanayovunja mioyo.

La kwanza, kompyuta ya karani lazima iwe macho. Ikilala, hakuna uchapaji.

La pili, jina na nywila. Windows kwa kawaida haikubali akaunti isiyo na nywila kuingia kupitia mtandao, kwa hiyo akaunti ya karani inayofunguka bila nywila itakupa `NT_STATUS_LOGON_FAILURE` au makosa ya aina hiyo. Tengeneza akaunti maalumu yenye nywila, kisha hakikisha kwa `smbclient -L //192.168.1.20 -U jina` kabla ya kugusa CUPS. Jina la printa likiwa na nafasi, weka `%20` mahali pa kila nafasi. Na uongeze `-o auth-info-required=username,password` kwenye amri ya `lpadmin` ili nywila iombwe wakati wa kuchapa, badala ya kuiacha ndani ya anwani.

La tatu ndilo zito, na wengi hawalijui: Windows hapa ni mpitishaji tu. Haibadilishi lugha. Draiva iliyoko kwa karani haikusaidii. Linux lazima iwe na draiva yake ya printa hiyo. Kama printa haina draiva ya Linux, kuigawa kupitia Windows hakutaiponya.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, igeuze hali hii kichwa chini: hamishia kebo ya USB kwenye kompyuta ya Linux au Raspberry Pi, na igawe kutoka huko kwa `sudo cupsctl --share-printers` pamoja na `sudo lpadmin -p Ofisi -o printer-is-shared=true`. Fungua poti 631 ya TCP na 5353 ya UDP kwenye faiawali. Sasa kompyuta nyingine za Linux zinaiona kama printa ya IPP bila draiva, kwa sababu sava ndiyo inayofanya tafsiri, na simu nazo mara nyingi huiona. Draiva moja, mahali pamoja.

## Makosa yanayofuata njia zote

Karatasi ya Letter. Mtu anasakinisha Linux kwa Kiingereza cha Marekani, mfumo unachukua Letter kuwa karatasi ya kawaida, trei ina A4, na printa inapepesa taa ikisubiri karatasi isiyouzwa mjini. Inaonekana kama hitilafu ya draiva, siyo. Weka `sudo lpoptions -p Ofisi -o media=A4`, kisha rekebisha chanzo kwa `sudo locale-gen en_GB.UTF-8` na `sudo update-locale LC_PAPER=en_GB.UTF-8`. Waraka wenyewe uliotengenezwa kwa Letter ndani ya LibreOffice utabaki hivyo hadi uubadilishe huko huko.

Foleni iliyosimama. Baada ya kosa moja CUPS inaweza kuisimamisha foleni, na printa ikiwashwa tena haiendelei. `cupsenable Ofisi` inaiamsha. Kwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, `sudo lpadmin -p Ofisi -o printer-error-policy=retry-job` inaiambia ijaribu tena badala ya kusimama.

Kosa lisilojieleza. Washa kumbukumbu za kina kwa `cupsctl --debug-logging`, chapa ukurasa mmoja, soma `/var/log/cups/error_log`, kisha uzizime kwa `cupsctl --no-debug-logging`, la sivyo faili itakua haraka.

Skana. Kuchapa na kuskani ni vitu viwili, na hakuna anayekulazimisha kutumia njia moja kwa vyote. Sakinisha `sane-airscan`, endesha `scanimage -L`; ikileta mstari wenye `airscan:`, umemaliza. Isipoleta, weka draiva ya skana ya kiwanda na uache uchapaji ubaki bila draiva.

## Mahali gani, njia gani

Nyumbani, printa mpya yenye Wi-Fi na simu za familia: IPP bila draiva, wala usipakue kitu kingine.

Duka la steshenari lenye Epson ya matangi, kazi nyingi zikiwa za picha na vyeti: draiva ya `escpr` kwa foleni ya rangi, na kando yake foleni ya pili ya IPP kwa printa ileile, iwekwe nyeusi na nyeupe kwa ubora wa kawaida. CUPS inaruhusu foleni mbili zenye majina tofauti kwa mashine moja, na mhudumu anachagua kwa jina badala ya kubadilisha mipangilio kila mteja anapokuja.

Ofisi yenye mashine kubwa ya kukodi: uliza kwanza kama msimbo wa idara umewashwa. Ukiwa umewashwa, PPD ya kiwanda juu ya IPP au 9100. Usipokuwepo, IPP bila draiva inatosha kwa trei, pande mbili na nakala nyingi.

Shule yenye maabara ya kompyuta 20 na LaserJet moja kongwe: usizielekeze zote 20 kwenye 9100. Chagua kompyuta moja isiyozimwa, ijengee foleni ya soketi yenye PCL, igawe kwa CUPS, na nyingine 19 ziichukue kwa IPP. Foleni inakuwa moja, kazi zinapangwa kwa zamu, na mwalimu akitaka kufuta kazi ya kurasa 80 iliyotumwa kwa bahati mbaya anaifutia mahali pamoja, kwa `lpstat -o` kuona namba yake na `cancel` kuiondoa.